Behewa la Mama Mkwe

Kitendawili. Amebeba chakula cha nchi nzima mgongoni, na mwenyewe hajaonja hata punje. Miaka ile, ukitega hiki pale Moi's Bridge, hakuna mtoto angekuomba mji. Angekuonyesha kwa kidole tu: si garimoshi la mahindi hilo, limesimama stesheni, linanguruma kama ng'ombe aliyeshiba majani mabichi.

Nakhungu alizeekea kwenye stesheni hiyo. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa sindano ndefu iliyopinda. Aliianza akiwa na mimba ya binti yake Joan, akaishika mpaka Joan akaolewa. Mumewe alikuwa mpakiaji. Magunia yalimmaliza mgongo, na mgongo ukammaliza yeye. Baadaye mahindi yakahamia kwenye malori, reli ikaota nyasi, watu wakafunga mbuzi kwenye mataruma, na sindano ya Nakhungu ikabaki imechomekwa kwenye ukuta wa jikoni bila mdomo wa kufunga.

Ndipo mwaka wa 2005 wenye reli wakaja na maneno mapya. Ati nyasi zitafyekwa, na mabehewa ya mahindi yatakatwa madirisha na kutiwa mabenchi ili yabebe watu wa kazi, asubuhi kwenda Kitale, jioni kurudi nyumbani.

"Kwa hivyo sasa sisi ndio magunia," watu walisema, wakacheka.

Walicheka, lakini nauli ilipotangazwa walinyamaza. Ilikuwa nauli ya mtu maskini. Nakhungu alikuwa ameshapata kazi Kitale, kufua mashuka ya lojingi moja karibu na soko, na kabla ya treni nusu ya jasho lake ilikuwa inaishia barabarani. Siku ya kwanza alipanda akakaa, akashika ubao wa ukuta kwa mkono. Bado behewa lilinuka mahindi. Mvua iliponyesha, kwenye nyufa za sakafu zilichipuka punje zilizoachwa na safari za zamani, majani membamba ya kijani katikati ya miguu ya watu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyakanyaga.

Mabehewa yalikuwa mawili tu, la mbele na la nyuma. Kila moja lilikuwa na mlango wake, na kati yao hakuna pa kupita. Siku hiyo ya kwanza Nakhungu alikuwa amekaa la mbele na rafiki yake Chepkirui, mama wa Kikalenjin aliyepeleka maziwa mjini, wakati treni iliposimama kwenye kituo kidogo cha katikati na mwanamume wa kofia ya buluu akaruka chini kuwapungia watu mkono wapande haraka.

Nakhungu aliutambua mwendo kabla ya uso. Alijitupa chini nyuma ya madumu ya maziwa.

"Mama Joan! Umeanguka?" Chepkirui akauliza.

"Nyamaza. Nifunike na hiyo leso yako."

"Kwani ni nani? Polisi?"

"Afadhali polisi. Ni mkwe."

Kweli alikuwa yeye, Wabwile wa Sirisia, mume wa Joan. Kwa miaka alikuwa akipakia mizigo stesheni ya Bungoma, na wenye reli walipotafuta watu wa kukagua tiketi kwenye treni mpya ya Kitale, walimvalisha kofia wakamleta huku. Joan alikuwa amemwambia mama yake kwamba mume amepata kazi nzuri. Hakusema ni treni gani, kwa sababu hata yeye hakujua mama yake anasafiri na ipi.

Sasa ujue, kwa Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo ni nzito kuliko gunia la mahindi mabichi. Hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawakai chini ya paa moja. Siku moja wazee huitoa haya hiyo kwa kondoo na blanketi, na tangu hapo watu husalimiana kama watu wengine. Lakini kondoo wa Joan hakuwa amechinjwa bado.

Siku hiyo Nakhungu alishuka Kitale magoti yamelowa maziwa. Kesho yake akapanda la nyuma. Wabwile alipofika mlangoni na kikoleo chake cha kutobolea tiketi mkononi, aliona leso ya mama mkwe wake katikati ya watu, akarudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Hakuingia. Siku iliyofuata pia hakuingia. Ikawa mazoea: mama mkwe la nyuma, mkwe la mbele, na treni moja ikawabeba wote wawili bila aibu kumwagika.

Nakhungu alinunua tiketi yake dirishani kila siku. Haikutobolewa hata moja, na hakulifikiria sana jambo hilo. Mtu anayeamka kabla ya kuku na kusugua mashuka ya wageni mpaka vidole vigeuke kama tangawizi hafikirii sana habari za tiketi.

Alichokiona ni kwamba watu wa behewa la nyuma walikuwa watu wazuri ajabu. Walimwekea nafasi katikati ya benchi. Walimwita kukhu, bibi, hata wasio Waluhya. Fundi mmoja wa mbao aitwaye Munene alimletea mto wa sponji wa kukalia. Asubuhi hapakosi mtu wa kumpa ndizi. Naye, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuwapa, akawategea vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" Behewa zima.

"Anakula kutwa, anatapika, na hashibi."

"Mto Nzoia!" "Mfuko wa mbunge!" "Kinu cha kusaga!"

"Nani amesema kinu? Huyo ana akili. Mpeni ndizi yangu."

Walicheka mpaka wakakohoa. Kila wiki behewa la nyuma lilizidi kujaa, wengine wakisimama na kuning'inia, na la mbele likabaki na watu wachache wenye makoti. Nakhungu akajiambia moyoni: kumbe uzee nao una utamu wake. Tangu mume wake azikwe hakuna aliyekuwa amemgombania namna hiyo.

Jumamosi moja Joan alikuja Moi's Bridge peke yake. Aliingia jikoni bila kubisha, akakaa kwenye kigoda, na mama yake akajua kuna jambo, kwa sababu hakuomba chai.

"Mama, unapanda treni ya Kitale?"

"Napanda. Nilitaka kukuambia, halafu nikaona nitawatia nyinyi wasiwasi."

"Behewa la nyuma?"

"La nyuma. Si mumeo, Baba Makokha, yuko la mbele?"

Joan alifunika uso. "Kwa hivyo ni wewe. Baba Makokha alikataa kuniambia ni mkwe gani yuko ndani. Anasema tu, 'siwezi kuingia, siwezi kuingia,' kama mtu ameona chui. Mama, wanamfukuza kazi."

"Nani anamfukuza?"

"Mkubwa wao, Kibiwott. Amehesabu vichwa kwa dirisha, akaona la nyuma limejaa kama kanisa la Krismasi na hakuna tiketi iliyokatwa. Anasema Baba Makokha amekubaliana na watu, anakula nao. Jumatatu atakuja mwenyewe kusimama hapo stesheni. Kama hataona Baba Makokha akiingia behewa la nyuma na kulikagua, atamvua kofia siku hiyo hiyo."

"Na mumeo hajamwambia kuna mkwe ndani?"

"Amemwambia. Kibiwott amesema treni haijui mkwe, inajua tiketi."

Nakhungu aliinamia moto, akasukuma kuni ndani. Vitu vilianza kujipanga kichwani mwake polepole, kama punje zinazotoka kwenye gunia lililotoboka. Mto wa sponji. Ndizi. Nafasi ya katikati.

"Hao watu," akasema, "hawanunui tiketi?"

"Kwa nini wanunue? Wakikaa na wewe hakuna anayewagusa. Mama, hata lina jina. Wanaliita Behewa la Mama Mkwe. Mpaka kule Bungoma watu wanalicheka."

Nakhungu alikoroga majivu kwa kijiti. Alichokiwaza hakikuwa aibu. Aliwaza jinsi alivyokuwa akitafuta vitendawili vipya usiku kitandani, mwili umekufa kwa uchovu, ili asiwachoshe watu wake asubuhi.

"Acha kazi hiyo, Mama," Joan akasema kwa sauti ndogo. "Uache treni. Uje kwetu, tutakulisha."

"Nile kwa mkwe? Nilale wapi, juu ya mti?" Akacheka, na Joan akacheka pia huku machozi yakitoka. "Nikiacha mashuka nitakula nini? Na nikikaa nyumbani Jumatatu, Jumanne je? Wewe nenda. Mwambie Baba Makokha asiandike barua ya kuacha kazi. Kesho nitaenda Sirisia kwa mzee."

Mzee ni Hesbon, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, aliyehamia Sirisia akawa jirani ya ukoo wa kina Wabwile. Ndiye mwenye kinywa cha kuitoa haya hiyo. Nakhungu alitoka alfajiri baada ya kusali peke yake, akabadilisha magari mpaka kiuno kikalia. Alimkuta mzee nje ya nyumba, amevaa koti jeusi, na wageni wamekaa kwenye nyasi. Kumbe mdogo wa baba yake Wabwile alikuwa amezikwa wiki ile.

"Shemeji, umekuja vizuri lakini umekuja vibaya," Hesbon akasema baada ya kumsikiliza. "Kondoo gani atachinjwa kwa furaha na udongo wa kaburi bado mbichi? Tungoje tuvune. Tukishavuna, tuongee."

"Jumatatu ni kesho, mzee."

"Basi usipande."

"Na kesho kutwa?"

Mzee alipapasa ndevu. "Sikia. Kile kitu kina paa?"

"Kina paa."

"Kina kuta na mlango, na watu wamekaa ndani wanaongea?"

"Ndivyo."

"Basi hiyo ni nyumba. Na nyumba moja na mkwe, kabla ya kondoo, siwezi kuibariki. Nikifanya hivyo, watoto wa Joan wakipata homa utakuja kuniuliza nini?"

Nakhungu hakubishana. Alikunywa uji wa matanga, akapewa ndizi za kubeba, akaanza kushuka kuelekea barabarani. Miguu ilikuwa mizito na ndizi nzito zaidi. Alikuwa anaomba Mungu kwa maneno mafupi, maana hata maombi yalikuwa yamechoka.

Mbele yake alikuwa akitembea mwanamke mwenye kikapu. Kutoka chini akatokea kijana anasukuma baiskeli. Mwanamke alipomwona tu akaingia kando kwenye mahindi, akageuka, akasimama akiangalia milima. Kijana akainamisha kichwa, akapita na baiskeli yake tik tik tik. Alipokwisha kupita, mwanamke akarudi njiani na kuendelea na safari yake. Kumbe walikuwa mtu na mkwe wake, wala hakuna aliyehitaji kondoo.

Nakhungu alisimama pale pale. Alimtazama mwanamke yule mpaka akapotelea kwenye kona.

Nyumba hukaa mahali pamoja, akawaza. Nyumba ina moto na kitanda. Kile kitu hakina moto wala kitanda, na hakijawahi kulala mahali pamoja tangu nikijue. Mzee hajakipanda. Hiyo si nyumba. Hiyo ni njia iliyotiwa paa.

Hakurudi kwa Hesbon kumwambia. Mzee angeanza tena na homa za watoto, na gari la mwisho lilikuwa karibu kuondoka.

Jumatatu asubuhi Kibiwott alikuwa amesimama stesheni ya Moi's Bridge, mwanamume mrefu mwenye viatu vinavyong'aa, mikono nyuma. Wabwile alikuwa karibu na injini, kofia imeshuka mpaka machoni. Nakhungu alipita mbali, akapanda la nyuma. Nafasi yake ilikuwa imewekwa, na mto wa sponji juu yake.

"Kukhu, sasa! Leo tutegee kigumu," Munene akasema.

"Leo kigumu nitakacho ni kimoja. Aliye na tiketi anionyeshe."

Walitazamana. Halafu vicheko.

"Kukhu bana! Tiketi ni wewe."

"Nawaambia kama wanangu. Shukeni mkanunue, dirisha bado liko wazi. Leo atapita."

"Apite wapi na wewe uko hapa? Si utakufa na aibu?"

Wawili watatu walimtazama usoni, wakashuka. Wengine waliendelea kucheka. Nakhungu hakukaa katikati. Alienda mpaka pembeni kabisa, mahali benchi linapokutana na ukuta, akageuza magoti yake kuelekea mbao, akajifunika leso kichwani. Akamwita Chepkirui.

"Chukua tiketi yangu. Ibane kwa pini hapa mgongoni, kwenye leso, ionekane."

"Mama Joan, unafanya nini?"

"Bana kwanza. Halafu usimame mlangoni umwambie yule wa kofia hivi: njia iko wazi, aliyekuwa njiani amesimama kando."

Chepkirui hakuelewa yote, lakini hata kwao mkwe si mtu wa kuchezewa. Alibana, akaenda mlangoni, akaita. Nakhungu hakuona kitu. Aliona ubao, na kwenye ubao msumari wa kutu. Alisikia viatu vya Wabwile vikija kwenye kokoto, vikasimama. Vilikaa hapo muda mrefu. Alijua mkwe wake anatazama leso iliyogeuka.

Mguu mmoja ukapanda ngazi. Wa pili ukafuata.

"Tiketi," Wabwile akasema. Sauti ilikuwa kavu kama ganda la mahindi.

Behewa likapasuka kwa kelele. Watu walipapasa mifuko ambayo walijua ni mitupu. Wengine waliruka kupitia madirishani, madirisha yale yale waliyokatiwa wapate hewa. Munene alianza hadithi ndefu ya tiketi iliyoliwa na mtoto. Kikoleo kikasikika, tak, mahali hapa, tak, mahali pale, kikizidi kukaribia pembe. Nakhungu alifumba macho. Kama nimekosea, Mungu, nipige mimi, waache wale watoto.

Viatu vilisimama nyuma yake. Leso ilivutwa kidogo sana, kama inavyovutwa na mwiba mtu akipita kichakani. Tak. Viatu vikaondoka.

Kibiwott alikuwa amepanda pia. "Na huyu mama wa pembeni? Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa," Chepkirui akamjibu. "Amempisha mtu."

Kibiwott aliangalia mgongo ule na karatasi iliyotobolewa. Labda alikumbuka kitu cha kwao, labda hakukumbuka. Alishuka, akamwambia Wabwile waziwazi mbele ya watu, "Kazi iendelee," na treni ikapiga honi.

Kofia ya Wabwile ilibaki kichwani, na chakula cha Joan kikabaki mezani. Lakini usifikiri palikuwa na shangwe. Safari nzima hakuna aliyeongea na Nakhungu. Karibu na Kitale sauti moja ikasema, "Kukhu umetuuza," na nyingine ikajibu, "Mwache, ni wa familia yao." Alipogeuka kushuka, mto wa sponji haukuwepo.

Tangu siku hiyo alisafiri akitazama ukuta. Asubuhi ukuta, jioni ukuta. Hakuona tena mashamba yakibadilika rangi, alijua tu wapo wapi kwa masikio: hapa daraja, hapa mteremko, hapa watoto wa shule wanapiga kelele kwa treni. Chepkirui alimsimulia mengine, "wameanza kupalilia," "kuna ng'ombe mweupe," lakini Chepkirui si msemaji, na maziwa yake yalimshughulisha. Shingo ilimuuma. Watu walinunua tiketi na kutawanyika kwenye mabehewa yote mawili. Vitendawili alivyokuwa amevitafuta vilimkaa kifuani bila wa kumtegea. Kuna asubuhi alifika lojingi akazamisha mashuka kwenye karai, akajikuta anayatazama tu mapovu, hajui ameanza wala amemaliza.

Kulikuwa na mazishi mengine Sirisia, kisha mvua ikachelewesha mavuno, na kondoo akasogezwa mbele tena.

Jioni moja alipanda akiwa amefua mashuka ya wageni wa harusi, mikono imevimba. Aliketi kwenye pembe yake, akageukia mbao, Chepkirui akambania tiketi. Treni haijapita nyumba za mwisho za mji, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta. Hakuwa amelala sawasawa. Alikuwa mahali pale pa katikati ambapo mtu husikia lakini hawezi kuinua kidole. Nyuma yake vijana walikuwa wakibishana mpira kwa sauti, mmoja akipiga benchi kwa ngumi.

Viatu viliingia. Tak, tak, vikaja mpaka kwenye pembe. Safari hii leso haikuvutwa. Karatasi ilishikwa kwa kidole kutoka mbali, ikatobolewa polepole, kikoleo kikabanwa kisipige kelele.

Kisha Wabwile akageuka na kuwaambia wale vijana. Hakumtaja mtu, na alisema chini kama mtu anayeongea kwenye nyumba yenye mtoto mchanga.

"Punguzeni sauti kidogo, jamani. Kuna mzazi amechoka hapo."

Ngumi ikaacha kupiga benchi. Nakhungu hakufungua macho wala hakugeuka. Alivuta leso ikamfunika masikio, treni ikashika mteremko wa kuelekea nyumbani, naye akalala.